Wimbo wa Mama Bila Sauti Yangu

Albamu yetu ilitoka asubuhi ya siku ya kazi, nikiwa redioni Iringa nahariri habari ya wakulima wa viazi. Mpiga gitaa wetu alituma kiungo kwenye kundi letu la simu, akaweka picha za moto na maneno machache: "Imetoka, wazee. Mungu mkubwa." Nilisubiri habari ya viazi ipite hewani, kisha nikaingia chumba kidogo tunachorekodia matangazo ya biashara, nikafunga mlango na kuvaa hedifoni. Sikuanza na wimbo wa kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye wa nne, kwa sababu wa nne ulikuwa wa mama yangu na niliuimba mimi.

Sauti yangu haikuwemo.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana ndivyo nilivyozoea kueleza mambo ya watu wengine.

Bendi yetu ilikuwa na watu watatu. Mpiga gitaa ni fundi simu wa Mbeya, ana kibanda pale Mwanjelwa. Nilikutana naye nilipokwenda kutengeneza habari kuhusu simu mbovu zinazoingizwa sokoni. Ndani ya kibanda chake kulikuwa na kitu kinachonguruma na kukwaruza bila kupumzika, mpaka nikamwomba azime hiyo mashine ili nimrekodi vizuri. Akanitazama kwa huruma.

"Dada, hiyo siyo mashine. Huo ni wimbo."

Ndipo nilipoufahamu muziki ambao sisi wenyewe tulikuja kuuita metali nyeusi. Magitaa yanavuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke, ngoma zinakwenda mbio, na mwimbaji haimbi bali anapiga ukelele kutoka chini kabisa ya koo. Walioanzisha ni vijana wa nchi za baridi, na wengi wao walipenda kumtaja shetani. Sisi shetani hatukumwalika. Mpiga gitaa ni Mkatoliki, mimi ni binti wa mzee wa kanisa la Kilutheri, na mpiga ngoma alikuwa anasema akikosa ibada mama yake atamnyima chakula, na huyo ni baba wa watoto wawili.

Huyo mpiga ngoma anaishi Rujewa, ambako mjomba wake ana mashine ya kukoboa mpunga. Rujewa iko kati ya Mbeya na Iringa, kwa hiyo ndipo tulipokutania. Mimi nilishuka Igawa, kwenye barabara kuu, kutoka upande mmoja, mpiga gitaa akashuka kutoka upande mwingine, tukachukua bajaji moja. Tulifanyia mazoezi kwenye ghala nyuma ya mashine, katikati ya magunia. Magunia ya mpunga yanameza sauti vizuri kuliko godoro, na mashine ikiwa inakoboa, hakuna mtu nje anayeweza kujua kwamba ndani kuna mwanamke anayepiga ukelele. Hiyo ndiyo iliyokuwa ratiba yetu. Mashine ikiwaka, tunapiga. Mashine ikizimwa, mpiga ngoma anainua fimbo juu na sisi tunakata hapo hapo, hata kama ni katikati ya neno, tunabaki tumesimama kimya na vumbi la pumba likitushukia kichwani.

Siku moja mashine ilizimwa ghafla na mimi sikuwahi kufunga mdomo. Tukamsikia mteja nje akimwambia mjomba, "Mzee, hii mashine yako ikaguliwe. Ikizima inalia kama mbuzi."

Mpiga ngoma alilala juu ya magunia akicheka. Kwa muda mrefu waliniita Mbuzi, na mimi sikuona vibaya. Nilikuwa nimezoea kuitwa kwa kazi yangu, na Mbuzi angalau lilikuwa jina la mtu anayependwa.

Mwanzoni mpiga gitaa alitaka tuimbe kuhusu misitu yenye theluji, kama wale wa huko.

"Theluji ya wapi, kaka?" mpiga ngoma akamuuliza. "Rujewa hii? Labda theluji ya pumba."

Ndipo tukakubaliana kwamba albamu itoke kwetu. Mpiga ngoma alileta mwendo wa ng'ombe wa Usangu wanaporudi kutoka malishoni, na kengele zao halisi alizoazima kwa jirani. Mpiga gitaa alileta ngoma ambayo babu yake Mnyakyusa alikuwa akiipiga kwenye sherehe, akaigeuza kuwa ya gitaa. Mimi nilileta wimbo wa baba.

Baba yangu anaishi Kilolo, kwenye nyumba tuliyokulia. Zamani alikuwa mpiga ligombo. Ligombo ni ala ya Wahehe, ubao uliochongwa na kuachwa shimo refu kama beseni jembamba, nyuzi zikapitishwa juu yake, na kibuyu kikafungwa ili sauti ivimbe. Ujanani alimtungia mama wimbo wa kumtania. Mama alikuwa hajui kuagana. Mgeni akiondoka, kwetu unamsindikiza mpaka njiani, lakini mama alimsindikiza mpaka kwa mgeni mwenyewe, kisha mgeni akaona haya akamsindikiza mama kurudi, na mama naye akaanza upya. Chakula kikapoa, watoto wakalala. Wimbo ulisema: umetoka kumfungulia mgeni mlango, mbona ukungu umefika nyumbani kabla yako?

Na ulipigwa kwa namna hiyo hiyo. Ligombo linakwenda na wewe hatua chache kisha linanyamaza, kama mtu aliyekufikisha mlangoni. Hapo unaingia kwa sauti yako peke yako. Ukimaliza, linakupokea na kukusindikiza tena.

Mama alipofariki, baba alilitundika ligombo juu ya mlango wa jiko na hakulishusha. Wimbo ule ule wa kicheko ukawa hauimbiki.

Nilimwomba anifundishe maneno, akanifundisha kwa kuyasema tu, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Nikaenda nayo Rujewa.

Siku ya kuurekodi, nilipiga ukelele ule mpaka nikakaa chini. Inafaa nieleze kwa nini. Kwenye msiba wa mama mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilihesabu viti, nilitafuta kuni, niliwapangia wageni pa kulala, nilisimama na wachungaji kupanga ibada, nilisoma wasifu wa marehemu kaburini kwa sauti yangu ya redio, bila kukwama. Watu walinisifu sana. Hata shangazi zangu walisema, huyu ni mwanamume. Sikulia. Baadaye nilipotaka kulia, nafasi yake ilikuwa imeshapita na watu walikuwa wamerudi mashambani. Kwa hiyo kilio changu kwa mama kilitokea ndani ya ghala la mpunga, mashine ikiwa imewaka, mbele ya wanaume wawili ambao waliangalia pembeni kwa heshima. Nilipomaliza mpiga ngoma alinipa maji. Mpiga gitaa alisema, "Hii imeingia," akahifadhi kwenye kompyuta yake.

Kilio hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye hedifoni.

Nilichokikuta ni ligombo. Halikuwa gitaa lililoigizwa, lilikuwa ligombo lenyewe, na mtu mzima akiguna pamoja nalo bila maneno. Mguno ule nisingeweza kukosea kuutambua. Halafu palipokuwa pangu pa kuingia, gitaa likaingia, zito, polepole kuliko lilivyokuwa kwenye nyimbo nyingine, likajaza pote.

Nilirudia nikisikiliza kama ninavyosikiliza kanda za mashahidi, siyo mbele bali nyuma ya sauti. Nyimbo zetu zote zina mngurumo wa ile mashine kwa chini. Tulijaribu kuuondoa tukashindwa, tukaamua uwe alama yetu. Wa nne haukuwa nao. Badala yake kulikuwa na mvua juu ya bati, mvua kubwa, na mahali fulani mlango ulisogea ukalia kwa namna ninayoijua, kwa sababu bawaba ya mlango wa jiko letu imelegea tangu nikiwa shule ya msingi. Mwisho kabisa, ligombo lilipokuwa linafifia, simu iliita. Kengele fupi, zinapanda. Mlio huo niliuweka mimi mwenyewe kwenye simu ya baba, kwa namba yangu tu, ili ajue ni mimi bila kutafuta miwani. Uliita mpaka ukakatika. Hakuna aliyepokea.

Niliikumbuka simu hiyo. Nilipiga mchana kumwuliza dawa za presha kama zimebaki. Jioni alinipigia yeye akasema alikuwa shambani anapalilia na simu ilibaki nyumbani. Kwa mvua ile hakuna mtu Kilolo aliyekuwa anapalilia.

Nilitoka nje ya jengo nikampigia mpiga gitaa.

"Umesikia?" akauliza kwa furaha.

"Wa nne."

Nyuma yake mteja alikuwa anauliza kama kuna chaja ya pini nyembamba.

"Dada, nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Ikishatoka."

"Imetoka."

"Basi ndiyo nilikuwa nakuja huko." Akamwambia mteja asubiri. "Sikiliza, usinikasirikie kabla hujanisikia. Uliimba vizuri. Hakuna anayebisha. Lakini kwenye ule wimbo ulikuwa unasoma habari."

"Nilikuwa nalia."

"Ulikuwa unalia kwa ufasaha. Kila neno linasikika, Mbuzi. Mtu asiyejua Kihehe angeweza kuandika imla. Kwenye nyimbo nyingine inafaa, lakini pale nilihitaji mtu aliyevunjika."

"Ukaenda kwetu bila mimi," nikasema.

"Ulikuwa kazini. Nilikwenda kumwomba mzee apige kidogo tu, nichukue mlio wa nyuzi. Alipoanza, nikajua. Hata wewe ungekuwepo ungejua."

"Ile simu ya mwisho ni mimi."

"Najua, jina lilitokea kwenye kioo. Niliiacha makusudi. Imeingia pazuri mno, watu wanaisifia."

Alisema hivyo kama anayenipa zawadi. Nilikata simu. Baadaye mpiga ngoma aliandika: "Sista, mimi niliambiwa unajua." Nilimwamini, na mpaka leo namwamini, lakini sijarudi Rujewa.

Kwa mpiga gitaa nilijua pa kuliweka jambo lile. Mtu wa muziki amechagua muziki, basi. Kwa baba sikujua. Nimehoji watu wengi wanaodanganya, viongozi wa vijiji, madalali wa mbao, na nimejifunza kwamba wa kuogopa ni yule anayedanganya bila kusitasita. Baba alilisema lile neno "shambani" bila kusitasita. Alikaa jikoni kwetu na mtu nisiyemtuma, akashusha ligombo ambalo mimi sikuthubutu hata kulipangusa vumbi, akanisikia nikiita na akaniacha niite.

Jumamosi nilipanda gari la Kilolo. Njia nzima nilipanga maswali, kuanzia lini, nani alianza, kwa nini.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akitia jembe mpini mpya.

"Kamwene, mama," akanisalimia kwa Kihehe. Ananiita mama tangu nizaliwe.

"Kamwene. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Imetoka?"

Swali langu la kwanza likafa hapo. "Nani kakwambia?"

"Kijana kanipigia juzi. Kanambia imetoka, mpaka Ulaya wanasikiliza. Nikamwambia mimi simu yangu ni hii ya kubonyeza, haioni mambo hayo, nitamsubiri binti." Akatupa mpini chini na kujifuta mikono kwenye suruali. "Twende ndani. Niwekee."

Alikaa kwenye kiti chake, akavua kofia. Ligombo lilikuwa limerudi juu ya mlango wa jiko, safi, nyuzi mbili mpya. Nikaiweka simu yangu juu ya stuli mbele yake na kubonyeza. Nilitaka asikilize kwanza, halafu nimwulize, ili asipate pa kukimbilia.

Mvua ikaanza, na ligombo. Baba akatabasamu kidogo kwa kusikia vidole vyake mwenyewe. Ligombo lilipokaribia kunyamaza, aliinua kidole kimoja, akageuka kunitazama mimi, siyo simu. Gitaa likaingia. Kidole kilibaki juu.

"Bado," akaninong'oneza, kama anayenituliza.

Ligombo likarudi, likaenda hatua zake, likanyamaza. Kidole tena. Gitaa tena. Sasa alikuwa anaitazama midomo yangu. Iliposikika kengele ya simu mwishoni hakuijali kabisa. Aliendelea kusubiri hata baada ya wimbo kwisha, kisha akashusha mkono.

"Wewe uko wapi?"

"Nimetolewa, baba."

"Umetolewa wapi?"

"Kwenye wimbo. Waliweka ukelele wangu, wakauondoa, wakakuweka wewe."

Alikaa akilipima hilo. Ni mtu wa kutafuna jambo kabla ya kulimeza.

"Haiwezekani," akasema. "Kijana alisema wewe umeshaimba, kimebaki kukusindikiza. Alisema ni ya kukushtukiza, nisikwambie. Nikaona aibu kukataa kupokea simu yako, lakini akasema mzee usiharibu, ni zawadi. Ndiyo maana nilipiga vile. Hujasikia? Nilikuwa nakufikisha mlangoni nanyamaza. Nakufikisha, nanyamaza. Mtu akipiga peke yake hapigi hivyo, anapiga moja kwa moja." Akanyoosha mkono. "Mpigie."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje, nikampa baba, naye akaita, "Haloo."

"Mzee wangu! Shikamoo!"

"Marahaba. Kijana, binti yangu yuko wapi?"

"Mh, hayupo hapo? Hii si namba yake?"

"Hapa yupo. Nakuuliza kwenye wimbo."

Tulisikia pikipiki na mtu anayenadi soksi.

"Mzee, nilimweka. Kweli nilimweka. Mlipokuwa pamoja haikukaa. Yeye ana nguvu, wewe una utulivu, mnagongana. Nikaona bora abaki mmoja."

"Uliniambia yupo."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nilimwachia nafasi. Unamwachia mtu nafasi, unakuja kukuta amekaa mwingine."

"Samahani sana, mzee. Lakini ni pazuri vile. Sikiliza tena utaona, utanambia."

"Haya," akasema baba. Akanirudishia simu bila kuikata, nikaikata mimi.

Nilifikiri sasa tuko upande mmoja. Nakiri nilifurahi, furaha mbaya mbaya, ya mtu ambaye ushahidi umemkalia vizuri. Maswali yote niliyopanga njiani yalikuwa yamepata mhusika mmoja, naye hakuwa baba. Nikamwuliza kama tunywe chai au nipike kwanza.

"Weka tena," akasema.

Niliweka. Safari hii alifumba macho. Kidole kiliinuka kidogo kwenye nafasi ya kwanza, kikarudi. Kwenye nafasi ya pili hakikuinuka. Gitaa lilipozidi, mguu wake ulianza kugusa sakafu, polepole, kisha ukaupata mwendo wake. Wimbo ulipokwisha hakufumbua macho mara moja.

"Amekukosea," akasema. "Amenikosea na mimi. Kanidanganya ndani ya nyumba yangu, na chai yangu anakunywa." Akavuta pumzi. "Lakini kijana anajua kupiga. Pale anapoingia, mama, ni kama ukungu wenyewe. Siku zote sikujua ukungu unalia vipi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mahindi ya jirani yamekubali kuliko yetu, kwa sababu ndivyo yalivyo. Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia nililisikia hilo, tangu mara ya kwanza kabisa redioni, na kwamba ndilo lililoniuma kuliko uongo wao wote. Sikumwambia. Nilitaka pia kumwambia kwamba kwenye kompyuta ya mtu fulani Mbeya kuna sauti yangu nikimlilia mkewe, na hajawahi kuisikia, na hakuomba kuisikia. Nalo sikumwambia.

"Weka tena," akasema. "Halafu utapika."

Nilibonyeza, nikatoka nje. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka upande wa misonobari, na maharage yalikuwa yameanikwa kwenye turubai uani. Nikainama kuyakusanya. Kupitia dirisha la jiko ligombo lilikuja likinitafuta, hatua kwa hatua, likafika mlangoni, likanyamaza. Nilijikuta nimevuta pumzi, mikono imejaa maharage, mdomo wazi. Gitaa likaingia.

Nilichungulia. Baba alikuwa ameegemea kiti, mikono yake yote miwili imetulia magotini, na kichwa kinalifuata gitaa.